Fahamu: Utafiti wa kupikwa
Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya, hujifunzia katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita kwa jina la zamani, PGH. Utafiti wao, kama wowote nchini, unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na kamati ya maadili huukagua kwanza. Lakini leseni haimfuati mtafiti hadi kitandani pa mgonjwa. Muda ukimbana, mtu aweza kujaza hojaji usiku kucha chumbani: wino uleule, vipimo vya presha vikifanana mno. Kwangu hilo ni baya kuliko kunakili kazi ya mwingine, maana programu za kunasa unakili hazilioni, na mgonjwa wa Molo au Njoro atatibiwa kwa takwimu hizo. Msimamizi aitishe hojaji zenyewe, si jedwali tu.