Chapa Isiyoficha Mkono (Sehemu ya Pili)

Sanaa dhahania huulizwa swali moja kila iendako, na hata hapa kwetu Migwani hatujasalimika: hii ni picha ya nini? Swali hilo, kwa maoni yangu, linatupotezea muda. Afadhali tuulize imefanywaje, na kipi kilitangulia.

Tazama *Epigraph, Damascus*, chapa ya msanii Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa mwaka 1970, ambaye familia yake iliihama Ethiopia mwaka 1977. Chapa hiyo ilitolewa mwaka 2016 katika karakana ya Niels Borch Jensen, Copenhagen. Ina paneli sita zilizopangwa bega kwa bega, upana wake wote ukikaribia mita 6. Ukiwa mbali unaona wingu la kijivu lililovurugwa kwa michirizi myeusi. Sogea karibu, matabaka yanajitenga.

Chini kabisa kuna michoro ya majengo ya Damascus, iliyofifishwa na kuhamishiwa kwenye bamba la shaba kwa mwanga na gelatini. Gelatini ikiwa nyembamba, dawa inayokula shaba hupenya mapema na kuchimba sana; hapo ndipo panapotoka peusi.

Juu ya majengo hayo ndipo mkono unapoonekana. Msanii huchora kwa brashi yenye sukari iliyokorogwa na wino, bamba zima likapakwa vanishi, kisha likalowekwa katika maji ya uvuguvugu. Sukari hulainika na kuibandua vanishi iliyoifunika, shaba ikabaki wazi palepale brashi ilipopita, tayari kuliwa na dawa. Pengine dawa yenyewe hupakwa kwa brashi bila kinga, na ndiyo sababu alama nyingine zina kingo kali na nyingine zinayeyuka kama ukungu.

Aliyewahi kuona kibuyu cha Kikamba kikinakshiwa hatahangaika kuelewa. Mistari hukwaruzwa kwa ncha kali, masizi yenye mafuta yakasuguliwa juu, kisha yakafutwa hadi yabaki ndani ya mikwaruzo tu. Wino hukaa kwenye shaba vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kibuyu ndicho kazi yenyewe, ilhali bamba ni njia: karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake mashineni, ikaunyonya wino, na picha ikatoka imegeuka, kulia kukawa kushoto.

Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hufunika. Wa shaba hukwangua, tena kwa jasho, na mara nyingi kovu hubaki. Kwa hiyo chapa ya namna hii husomeka kwa mfuatano wa matendo, na kwa Mehretu mfuatano huo una uzito: majengo yalitangulia, michirizi ikaja kuyafunika, katika miaka ambayo vita vya Syria vilikuwa bado vikiendelea. Asiyejua mpangilio wa mabamba ataona fujo tu.

Nakala zilizotolewa za *Epigraph, Damascus* ni 16.

Juma lijalo tutaiacha shaba, tuingie kwenye mbao, tukianza na msanii Peterson Kamwathi wa Nairobi.