Mimea hai au ya plastiki: uweke ipi kwenye tangi la samaki wa mapambo?

Hapa tumezoea kuongelea sato na kambale wa bwawani, ila siku hizi naulizwa sana kuhusu samaki wa mapambo wanaofugwa ndani ya tangi la kioo. Swali linalojirudia: niweke mimea hai au bandia? Na mimi huuliza kwanza: unafuga samaki gani?

Kuna jamaa alinipigia simu, samaki wake wamechanika mikia. Alidhani ni ugonjwa, kashanunua na dawa. Kumbe ni majani ya plastiki yenye ncha kali, aliyoyapendea rangi.

Mimea hai

Hufyonza amonia na naitreti zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, hutoa oksijeni mchana na huwapa samaki wadogo maficho. Lakini jani likifa likaachwa, linaoza na kuchafua maji. Usiku nayo hutumia oksijeni, kwa hiyo usizime pampu ya hewa.

Kwa anayeanza, mitatu hii haisumbui:

1. Anubiasi. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati. Majani yake ni magumu na mwanga kidogo unaitosha. Ifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo. Ukilifukia lile shina lake nene, litaoza.
2. Valisneria. Ina majani marefu kama utepe, na hata Ziwa Tanganyika ipo. Panda mizizi tu mchangani, shingo ya mmea ibaki juu.
3. Seratofilamu. Haina mizizi, unaiacha ielee. Inakua haraka, hivyo inafyonza uchafu mwingi. Ipunguze kila inapojaa.

Washa taa saa 6 hadi 8 kwa siku. Ukizidisha, au ukiweka tangi kwenye jua la dirishani, utavuna mwani.

Mimea bandia

Hii inawafaa wenye goldfish, maana wanakula majani, au mbuna wa Ziwa Nyasa wanaonyofoa na kuchimbua. Haitaki mwanga wala mbolea. Ila haisafishi maji hata kidogo, kazi yote inabaki kwako na chujio lako. Badilisha kama robo ya maji kila wiki.

Kabla ya kuitumbukiza, ipime hivi:

- Pitisha soksi laini ya nailoni juu ya majani. Ikinasa, na mapezi yatanasa.
- Loweka kwenye ndoo ya maji ya moto usiku kucha. Ikichuja rangi, usiitumie.
- Kagua shina. Kama lina waya wa chuma au shaba ulio wazi, achana nalo.

Kwa samaki wenye mapezi marefu kama beta, chagua ya kitambaa laini.

Onyo la mwisho

Usiokote gugu maji ziwani kwa sababu ya ua lake zuri. Lilitoka Amerika Kusini, na wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua lilivyowafungia njia za mitumbwi. Mimea unayoipunguza pia usiitupe mtoni wala mtaroni. Ianike juani ikauke kabisa, kisha weka kwenye mboji.

Anza na samaki ulionao, halafu mwanga ulionao. Uzuri uje baadaye.