Flashi ukumbini: mwanga wa walima humwangukia nani?

Mfunguo Mosi ukiingia, kadi za mialiko huanza kumiminika. Ndoa zilizosubiri Ramadhani ipite hufungwa mfululizo, na sisi tunaoshika daftari la akdi msikitini tumezoea kuulizwa kuhusu mahari, mashahidi na cheti cha ndoa. Miaka hii ya karibuni limeongezeka jambo jingine, nalo hutufikia kwa sura ya lalamiko zaidi kuliko swali: taa za wapiga picha. Mzee ameondoka ukumbini kabla ya chakula kwa sababu macho yamemchoka. Mama hataki tena kukaa meza za mbele. Mwingine anauliza kwa sauti ya chini kama iko njia ya kuifuta picha aliyopigwa bila kujua, akiwa upande wa wanawake, ushungi ukiwa mabegani.

Tuseme mapema kwamba hatuandiki kuipiga vita furaha. Walima ni sunna, na Mtume (s.a.w.) alimhimiza Abdurrahman bin Auf aifanye ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Ama kuhusu picha yenyewe, wanazuoni wamekhitalifiana tangu kamera ilipoenea. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, ilhali Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia alishika rai ya kuizuia isipokuwa kwa dharura. Hatukusudii kuamua kati yao hapa. Tunachokitazama ni kile kinachobaki baada ya familia kuifuata rai inayoruhusu: ule mwanga wenyewe unamwangukia nani, na huyo aliyeangukiwa ameridhia?

Flashi si kitu kipya. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesiamu uliolipuka kwa mwanga mkali, ukatoa na moshi wa kutosha kuwafukuza watu chumbani. Baadaye zikaja balbu za kuungua mara moja na kutupwa, kisha taa ya umeme tunayoijua leo. Hii huhifadhi nguvu ya betri na kuiachia yote kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa kuwa inatumia betri zake yenyewe, hata umeme ukikatika mpiga picha huendelea na kazi wakati wenye ukumbi wanahangaika na jenereta.

Tabia moja ya mwanga huo inafaa kueleweka na kila mzazi anayeozesha. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo tu. Aliye mita mbili kutoka kwenye flashi anapata mwanga mara nne ya aliye mita nne. Ndiyo maana katika albamu nyingi za harusi zetu biharusi ameng'aa mno huku waliokaa nyuma yake wakionekana kama wamekaa gizani, na kanzu nyeupe ya bwana harusi imekuwa karatasi tupu isiyoonyesha hata mshono wa kifuani. Hapo watu humlaumu mwenye kamera kwa kutojua kazi. Pengine hajui kweli, lakini mara nyingi ameachiwa taa moja iliyokaa juu ya kamera, ikielekezwa usoni moja kwa moja, naye ameambiwa asimame pale pale mbele ya jukwaa.

Mwanga wa aina hiyo hauna huruma na mapambo. Hina iliyochorwa kwa saa tatu hupoteza kina chake. Poda nazo zina siri yake: zenye madini kama titaniamu dayoksaidi na zinki oksaidi, ambayo hutiwa pia katika vipodozi vya kukinga jua, huurudisha mwanga wa flashi kuelekea kwenye kamera, hivyo uso uliokuwa mzuri kwenye kioo ukatoka kwenye picha mweupe kama uliomwagiwa unga. Mpambaji hawezi kuliona hilo kwa macho yake. Dawa yake ni nyepesi: kabla biharusi hajatoka nyumbani, dada yake ampige picha moja kwa simu, flashi ikiwa imewashwa, aitazame, kisha aifute.

Jaribio hilo hilo tunalipendekeza kwa nguo, na hapa jambo linakuwa zito kuliko urembo. Kitambaa chepesi ambacho chini ya taa za kawaida kinaonekana kimesitiri vizuri, flashi kali ya karibu hupenya nyuzi zake ikaonyesha kilicho ndani. Mvaaji hajui, walio mezani naye hawajui. Anayejua ni yule atakayekaa mbele ya kompyuta wiki moja baadaye akichagua picha za albamu. Waumini wa kiume na wa kike wameamrishwa katika Suratun-Nur kuinamisha macho, na wanawake wakaamrishwa kuziteremsha shungi zao vifuani. Dada aliyejisitiri kwa uwezo wake wote hakutarajia kwamba mwanga wa mtu mwingine ungeivunja sitara hiyo. Mabinti wanaosimama pamoja na biharusi wazipitishe sare zao mbele ya flashi nyumbani, baina yao wenyewe, siku ambayo fundi cherehani bado ana nafasi ya kuongeza bitana.

Upande wa wanawake una hukumu yake. Familia nyingi sasa huajiri mpiga picha mwanamke, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini yatupasa kuuliza mbele zaidi: kadi ya kumbukumbu akishaitoa kwenye kamera anampa nani? Kama studio yake ina kijana anayesafisha picha, basi pazia lililofungwa ukumbini limefunguliwa dukani. Lisemwe kabla ya malipo ya awali, na likubaliwe kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Taa na jinsi inavyoelekezwa ndivyo vinavyoamua nani ameingia kwenye picha. Taa ya video inayobebwa juu ya fimbo na kuzungushwa kutoka meza hadi meza haimwachi mtu. Inamkuta mama akimnyonyesha mtoto, inamkuta bibi akila, inamkuta binti akicheka na wenzake mdomo wazi. Taa ndogo iliyowekwa karibu na maharusi, kwa ile kanuni ya umbali tuliyoitaja, humulika waliokusudiwa na kuwaacha wengine katika kivuli chao. Kamera ikipangwa vyema, aliyekaa mita kumi nyuma ya jukwaa hatambuliki. Kivuli hicho, ambacho mpiga picha asiye Mwislamu anaweza kukiona ni kasoro, kwetu ni stahi. Aelezwe tu kwa adabu, naye ataelewa.

Mafundi wazuri wanajua pia kwamba flashi si lazima imtazame mtu. Wanaigeuza kichwa kuelekea dari au ukutani, mwanga unatawanyika na kurudi ukiwa laini, hauumi macho na hauchori kivuli kikali nyuma ya shingo. Sharti lake ni dari nyeupe isiyo ndefu mno. Na hapo ndipo mapambo yetu yanapowatia taabu: dari imefunikwa kwa satini ya waridi au ya zambarau, na mwanga unaorudi kutoka kwenye kitambaa huja na rangi yake. Sharifa aliyevaa nyeupe anatoka kwenye picha akiwa wa waridi. Ukumbi wa dari nyeusi ndio mbaya zaidi, kwani unaumeza mwanga wote. Katika hali hizo ni bora taa mbili zisimamishwe kwenye stendi kushoto na kulia kwa jukwaa, juu ya usawa wa kichwa, zikiwa zimefunikwa kwa mwavuli mweupe au boksi la kitambaa cha kulainisha mwanga. Aliyekaa jukwaani hataona nyota kila anapofumbua macho, na mgeni wa meza ya kwanza hatamulikwa hata mara moja.

Kwa upande wa msikiti, kamati yetu imeweka utaratibu, na tunaueleza kwa wali siku anapokuja kuandikisha ndoa. Khutba ya nikahi ikianza, flashi zinazimwa. Hazirudi mpaka ijabu na kabuli zimekamilika na dua imeitikiwa. Maneno hayo machache ndiyo yanayohalalisha yote yatakayofuata, na mashahidi wanapaswa kuyasikia vizuri. Kijana anayetamka kabuli huku anamulikwa usoni mara nane hulazimika kurudia, na kurudia kwenyewe huwachekesha watu wasiopaswa kucheka. Mpiga picha halalamiki akijulishwa mapema. Baada ya Alasiri mwanga wa madirishani unatosha, na kamera za siku hizi huona katika mwanga hafifu kuliko zile za filamu. Akihitaji picha ya kupeana mkono, bwana harusi na wali hawana haraka, wataushika tena.

Zipo taa nyingine ukumbini ambazo si za kamera, nazo ni zile za kumetameta zinazowashwa na wapiga muziki. Tukiweka kando mjadala wa muziki wenyewe, ipo hatari ya kitabibu. Miongoni mwa wenye kifafa, takriban watu 3 katika kila 100 huweza kushikwa na degedege kwa sababu ya mwanga unaomweka haraka, hasa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na wengi wao ni watoto na vijana. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipande cha katuni ya Pokémon chenye mimweko ya haraka ya nyekundu na buluu. Baadhi hawakuwahi kujulikana kuwa na tatizo hilo. Mtu anayejijua na hali hiyo akikutwa na taa za namna hiyo, kufumba macho peke yake hakutoshi kwa kuwa mwanga hupita kwenye kope. Afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke upande wa pili. Mwenye walima yeye ana njia fupi zaidi: aagize taa hizo zisiwashwe. Mgeni aliyeitikia mwaliko ana haki ya kurudi kwake salama, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana haikuuacha nje ukumbi wa harusi.

Wazazi huuliza pia kama flashi inaharibu macho ya watoto wachanga. Madaktari hawaihesabu flashi ya kawaida ya kamera kuwa ni hatari kwa macho; humshtua mtoto na kumliza, na hiyo inatosha kutomwelekezea kwa karibu. Lakini tunaongeza faida moja. Doa jekundu katikati ya jicho kwenye picha ni jambo la kawaida. Ikiwa picha za mtoto zinaonyesha doa jeupe, hasa katika jicho moja na kwa kurudiarudia, apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa, kwani huweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya retina, na mapema ndipo penye matibabu.

Simu za waalikwa zimebaki. Taa ya simu haifiki zaidi ya mita chache, hivyo anayeketi nyuma ya ukumbi na kumulika kuelekea jukwaani anawamulika waliomtangulia visogoni tu, na wakati mwingine anaiharibu picha aliyolipiwa fundi. Msherehesheji aliseme hilo mapema, mara moja, kwa utani kidogo, kabla ya zafa kuingia. Upande wa wanawake tumeona familia zikiweka kikapu mlangoni na kuandika namba kwa kila simu, wakisimamiwa na shangazi asiyeogopa mtu.

Mazungumzo na mpiga picha yafanywe ukumbini penyewe, taa zote zikiwa zimewashwa, wali na mwakilishi wa upande wa biharusi wakiwepo. Na kama dari imefunikwa kwa kitambaa cha rangi, aoneshwe kabla hajataja bei, kwa sababu zile stendi mbili na msaidizi wa kuzishika zitaongeza gharama, na gharama hiyo ni afadhali ijulikane wakati michango bado inakusanywa.