Maji ya Kisima Yatoka Wapi?

Watu wengi hushangaa kuona mvua imenyesha siku tatu, na maji ya kisima hayakupanda hata kidogo. Sababu yake ni hii. Ardhi iliyokauka hunywa kwanza: udongo wa juu huyashika maji, na mizizi ya mimea huyanyonya. Udongo ukisha kushiba, ndipo yale yanayobaki hushuka polepole mpaka yakutane na mwamba usiopenyeka, yakakusanyika juu yake. Hayo ndiyo maji ya kisima. Kwa hiyo mvua ya taratibu ya siku nyingi hufaa kuliko gharika ya saa moja, ambayo hukimbilia mtoni pamoja na udongo wa shamba.

Mito nayo ina kazi yake. Huko Ukambani, mto ukifurika, maji huzama mchangani. Kiangazi kikifika, watu huufukua mchanga huo wakapata maji. Mahali pengine ardhi ndiyo huulisha mto. Katika vilima vya Chyulu hakuna mito ya kudumu, maana maji ya mvua huzama katika mawe ya volkeno, kisha hutokea mbali katika chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hupelekwa Mombasa kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950.

Basi mwenye shamba la mteremko na apige matuta, wala asiuache udongo wake uchi. Maji anayoyaacha yakimbie leo ndiyo atakayoyatafuta kisimani kesho.