Lumbesa na haki ya mchukuzi



Ndugu msomaji, jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu kwa maelfu waliangamia kwa maradhi na uchovu. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 si mbali na Posta Mpya, inawasifu. Lakini sifa si ujira.

Mafakihi wameigawa ajira katika mafungu mawili: yupo anayelipwa kwa muda wake, na yupo anayelipwa kwa kazi aliyoikamilisha. Kwa wote wawili, kazi na ujira sharti vijulikane tangu mwanzo. Katika Suratul Qasas, Nabii Musa (A.S.) alibainishiwa miaka minane ya kazi, na miwili ya ziada ikawa hiari yake.

Dhuluma hujipenyeza pale mfanyakazi asipokiona kipimo. Nchini Marekani, Posta huwalipa wasambaza barua wa mashambani kwa saa zilizokadiriwa: kupanga barua, kutia sandukuni na kufikisha kifurushi mlangoni, kila tendo limewekewa muda wake. Mfumo mpya wa kompyuta ulipoanza kutumika Mei 2023, takriban theluthi mbili ya njia zao zilipunguziwa saa. Wengi walilalamika kwamba kazi ni ile ile, ila mshahara umeshuka.

Mchukuzi wa Kariakoo hana kompyuta. Kipimo chake ni jicho la tajiri. Gunia la lumbesa hubebwa kwa bei ya gunia la kawaida. Wakala wa Vipimo huipiga vita lumbesa, nasi tunaiona ni dhuluma kwa mkulima. Je, mgongo unaoibeba ile nyongeza hauna haki?

Suratul Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao. Na katika Hadith Qudsi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), anayemtumikisha mtu kazi kamili kisha akamnyima ujira wake, Allah Mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama.

Basi tajiri, kabla gunia halijainuliwa, taja uzito wake, taja na malipo yake. Jasho lisikauke mchukuzi akingali anadai.