Mtoto Akililia Miwani ya Sinema

Hapa Mwadui hakuna mtu anayenunua almasi kwa kuitazama tu ikiwa kiganjani mwa muuzaji. Tangu Daktari John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipoigundua almasi ya mahali hapa mwaka 1940, watu wamejua kwamba jiwe hutazamwa kwa lenzi, hugeuzwa huku na huku, hupimwa uzito, ndipo bei hutajwa. Lakini sisi akina mama tunapoletewa kifaa kipya cha kuwafurahisha watoto, mara nyingi tunakinunua kwa kutazama picha iliyo juu ya boksi.

Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Kijana wetu wa kidato cha pili aliletewa na mjomba wake miwani kubwa ya plastiki, ya kutumbukizia simu ndani yake na kuifunga kichwani. Jioni hiyo nyumba ilijaa vicheko. Kila mmoja alipokezana kuvaa, akinyoosha mikono hewani kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Mdogo wake wa miaka 7 alisimama mlangoni akilia, "Mama, na mimi nione!" Wazee wetu wana msemo kwamba mtoto akililia wembe mpe. Tukampa.

Filamu ilikuwa ya gari linalokimbia juu ya reli na kuporomoka bondeni. Hazikupita dakika 3, mtoto akayumba, akajigonga kwenye kabati la vyombo, akaketi chini na kutapika chakula chote cha jioni. Hakuumia sana, tunamshukuru Mungu. Lakini baba yake alituuliza neno lililotuchoma: "Mama watoto, si wewe unayewafundisha wenzako kliniki namna ya kuwalinda watoto?"

Ndiyo maana tunaandika makala hii. Miwani hii imeanza kuingia katika nyumba zetu, na baadhi ya mabanda ya gemu nayo huiwekea foleni ya watoto. Yafaa tuijue kabla ya kutoa fedha.

Kwa nini mtoto alitapika?

Ndani kabisa ya sikio kuna viungo vidogo vinavyoupa ubongo habari ya mwendo na usawa wa mwili. Mtu akivaa miwani ile, macho husema, "Tunaporomoka kwa kasi." Sikio nalo husema, "Tumesimama sebuleni." Ubongo ukipata habari mbili zinazopingana, mtu huona kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Ni jamaa wa ugonjwa ule wa safari unaowapata wengi wetu ndani ya basi, ila hapa mambo yamegeuka: ndani ya basi mwili husafiri na macho yametulia kwenye kiti cha mbele, ndani ya miwani macho husafiri na mwili umetulia.

Basi, anayevaa aanze akiwa ameketi. Achague picha zisizokimbia. Akianza kujisikia vibaya aivue mara moja, wala asijikaze kiume. Akishaivua asipande baiskeli wala asiteke maji kisimani mpaka kichwa kitulie.

Miwani yenyewe ni ya aina tatu

Aina ya kwanza ni hiyo ya kutumbukizia simu. Ilipata umaarufu baada ya kampuni ya Google kutoa ya karatasi ngumu mwaka 2014. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Lakini simu isiyo na kifaa cha ndani cha kuhisi mzunguko, kiitwacho jairoskopu, haiwezi kufuata vizuri mgeuko wa kichwa, na simu nyingi za bei ya chini hazina kifaa hicho. Ukigeuza shingo, picha hubaki palepale au huruka, na kizunguzungu huzidi.

Aina ya pili ni ile inayofunika macho yote kama ya mchomeleaji, ambayo vijana huiita VR. Nyingine hujitegemea, kama Meta Quest 3 ya mwaka 2023. Uzito wake ni gramu 515, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo ya sukari iliyofungwa usoni. Ndugu yake mdogo, Quest 3S, ilipotoka Oktoba 2024 iliuzwa Marekani kwa dola 299, bila kuhesabu usafiri na ushuru wa kuifikisha huku. Ya Apple, iitwayo Vision Pro, ilianza kuuzwa huko Februari 2024 kwa dola 3,499. Nyingine hazijitegemei: PlayStation VR2 haichezi mpaka uwe na mashine ya kuiunganisha, kama PlayStation 5. Mama asiyelijua hilo atanunua kifuniko bila chungu.

Aina ya tatu ni nyepesi, inafanana na miwani ya jua. Mfano ni Xreal Air ya mwaka 2022, yenye gramu 79, kama uzito wa yai moja na nusu. Hii haikupeleki katika ulimwengu mwingine. Inakuonyesha mbele yako kitu kama televisheni kubwa. Haina betri yake ya kuiendesha. Huunganishwa kwa waya na simu, kompyuta au mashine ya gemu, na huko ndiko inakopata picha na umeme. Kwa hiyo simu yako itakwisha chaji upesi, jambo la kufikiriwa na sisi tunaokatikiwa na umeme.

Tulivyonusurika dukani

Baba watoto anafanya kazi kwa shifti. Akirudi usiku watoto wamelala, naye apenda mpira. Aliposikia habari za aina hii ya tatu aliipenda, akatenga fedha. Tulikwenda naye mjini dukani. Muuzaji alituapia kwamba inakubali simu zote zenye tundu la Type-C. Tukamwomba tujaribu kwa simu yetu wenyewe. Akachomeka waya: giza. Akaugeuza, akachomeka tena: giza vilevile.

Sababu ni hii. Matundu ya Type-C hufanana kwa nje, lakini si yote yanayotoa picha. Mengine hupitisha chaji na mafaili tu. Simu inatakiwa iwe na uwezo wa kutoa video kupitia tundu hilo, uwezo uitwao DisplayPort, na nyingi za bei nafuu hazina. Simu za iPhone zimekuwa na tundu hilo tangu iPhone 15 ya mwaka 2023. Kama tusingejaribu, fedha za miezi mingi zingelala kabatini. Basi, usinunue bila kujaribu kwa simu ya nyumbani kwako, na usikubali jibu la "itakubali tu".

Dukani hapo tuliligundua jambo jingine. Tulipoivaa kwa simu ya muuzaji, sisi wenye miaka arobaini na kitu, ambao gazeti tunalisoma kwa kunyoosha mkono, tuliiona picha bila shida. Kijana wetu, ambaye ubaoni haoni vizuri, aliona ukungu. Ingawa kioo kipo karibu na jicho, lenzi zake huifanya picha ionekane kama ipo mita kadhaa mbele. Kwa hiyo asiyeona mbali bila miwani yake ataona ukungu humo pia, na atahitaji lenzi za nyongeza za kupachika ndani. Hivyo ndivyo tulivyotambua kwamba mtoto wetu alihitaji kupimwa macho kabla ya kuhitaji sinema. Fedha ya kwanza ilikwenda huko.

Macho ya mtoto si macho ya mzee

Watengenezaji wenyewe wameweka mipaka ya umri. Meta husema miaka 10 kwenda juu, na walio chini ya 13 watumie akaunti inayosimamiwa na mzazi. PlayStation VR2 si kwa walio chini ya miaka 12. Apple wametaja 13. Sababu mojawapo ni nafasi iliyopo kati ya mboni mbili za macho: kwa mtu mzima ni kama milimita 63, kwa mtoto ni chini ya hapo. Lenzi zisipolingana na mboni, macho huvutana na kichwa huuma. Kwa watoto wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba walio chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Miwani hii si yao kamwe.

Hata kwa wakubwa, mtu akikodolea kioo hupunguza kupepesa, na jicho hukauka. Kila dakika 20 avue, atazame kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20 au zaidi. Tena watoto wacheze nje mchana. Mwanga wa mchana husaidia kupunguza uwezekano wa mtoto kuanza kushindwa kuona mbali, na jua la Shinyanga hatulinunui.

Kuna jambo la kifafa. Taa au picha zinazomweka haraka zinaweza kumwangusha mwenye kifafa cha aina fulani, hata aliyekuwa hajajulikana kuwa nacho. Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilikuwa na mwanga uliomweka mwekundu na buluu, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitalini. Kama mtoto wako amewahi kudondoka na degedege, muulize daktari kwanza. Na mtu akianguka, mvue miwani, ondoa vitu vigumu karibu naye, mtetemeko ukitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa: zikipita dakika 5 bila kutulia, kimbilia kituo cha afya.

Usafi nao tusiusahau. Januari 2024 wengi wetu tuliyaona macho mekundu yalivyosambaa nchini. Sifongo iliyoloa jasho la watoto 20 katika banda la gemu inaweza kupitisha ugonjwa wa namna hiyo, pamoja na fangasi na chawa. Nyumbani, kila mtu afutiwe miwani kabla ya kupokea, na mwenye macho mekundu asivae. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, maana vumbi letu hukwaruza. Wala usiiache dirishani: lenzi hukusanya jua na kuunguza kioo cha ndani.

Jambo ambalo mama haoni

Televisheni ikiwa sebuleni, sote tunaona kinachoonyeshwa. Baba akikohoa, picha hubadilishwa. Miwani hii haina mlango wa pili. Mtoto ameketi mbele yako, anatabasamu, nawe hujui yupo kwenye mbio za magari au yupo kwenye uchafu ambao hata mtu mzima angeuonea haya. Tatizo hilo ni kubwa kuliko kutapika, kwa sababu lililotapikwa huoshwa.

Tena kuna upweke. Tulianza kuona kijana wetu akila haraka ili arudi ndani ya miwani. Tulimwita kwa jina mara tatu, hakusikia. Mtu aliye nyumbani lakini hayupo, huyo tumempoteza ingawa viatu vyake vipo mlangoni.

Hatukumpiga wala hatukuivunja. Tulikaa naye pamoja na baba yake. Ayubu, katika sura ya 31 ya kitabu chake, anasimulia kwamba alifanya agano na macho yake. Tulimwonyesha kijana mahali hapo, tukamwambia nasi tufanye agano la nyumba yetu. Tuliafikiana hivi: miwani inakaa kabatini kwa mama. Inavaliwa sebuleni tu, Jumamosi, kwa vipindi vya dakika 20. Kinachotazamwa kinawekwa kwanza kwenye simu, sote tukione. Mdogo havai. Wakati wa chakula na sala hakuna anayevaa, hata baba.

Kijana aliuliza, "Hata baba?" Baba yake akajibu, "Hata mimi." Tunaamini jibu hilo lilifanya kazi kuliko hotuba yetu yote.

Ukitaka kununua

Dada msomaji, jiulize maswali haya kabla ya kufungua pochi. Je, ada na sare zimekwisha kulipwa? Nani atavaa, na ana umri gani? Simu au mashine tuliyonayo inaikubali, na tumejaribu? Anayevaa anaona vizuri mbali? Bando tutaliweza? Video ya kawaida hula kama gigabaiti 1 kwa saa, na ile angavu hula zaidi. Na ikiharibika, nani karibu na hapa anaweza kuitengeneza?

Ukijibu "sijui" mara mbili, rudi nyumbani na fedha zako. Baba watoto alirudi na zake. Nusu ilinunua miwani ya kawaida ya kijana wetu, ile ya kumwezesha kuona ubao. Siku aliyoivaa mara ya kwanza alisimama uani, akatazama mti ulio ng'ambo ya barabara, akasema, "Kumbe una majani mojamoja!"

Tuliingia ndani tukafuta machozi.