Kwa Nini Ziwa Nyasa Huchafuka Mwezi wa Saba?

Mwezi wa sita na wa saba hapa Mlowo tunavaa makoti asubuhi. Upepo wa baridi unavuma, mahindi yanakauka shambani, na kahawa iko kwenye vichanja. Mvua hakuna. Mbingu ni nyeupe.

Lakini nenda sokoni ukaulize usipa. Mara nyingi utaambiwa: "Ziwa limechafuka, wavuvi hawakuingia." Wengine wetu hudhani mfanyabiashara anatafuta njia ya kupandisha bei. Ziwa litachafukaje wakati hakuna hata wingu? Hebu tuzungumze jambo hili, maana wengi wetu hushuka Kyela kununua mchele na usipa, na baadhi yetu hupanda mitumbwi bila kujua kuogelea.

Ukitoka Mlowo unakwenda Mbeya, unapita Uyole na Tukuyu, halafu unateremka mpaka Kyela. Ziwa liko chini, kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana huko kuna joto wakati sisi tunatetemeka. Matema iko kwenye pembe ya juu kabisa ya ziwa. Upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na kuingia majini. Ufuko wa Matema umeelekea kusini. Shika neno hilo, kusini, kwa sababu habari yote iko hapo.

Upepo ule unaotutia baridi Mlowo unatoka kusini na kusini-mashariki. Pwani ya bahari wanauita kusi. Ziwani Nyasa unaitwa mwera. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane, kusini mwa dunia ni majira ya baridi. Hewa ya huko inakuwa nzito, nayo inasukumwa kuja huku kwenye joto. Ikifika Ziwa Nyasa inakuta njia imekwisha chongwa: bonde refu lenye milima huku na huku. Basi inapita humo kama maji kwenye mfereji.

Sasa tazama umbo la ziwa. Urefu wake unazidi kilomita 550, lakini penye upana mkubwa hapafiki kilomita 80. Jaribu jambo hili nyumbani. Weka maji kwenye kikombe, upulize. Yatatikisika kidogo tu. Kisha puliza juu ya maji kwenye karai pana. Utaona vijiwimbi vinaanza karibu nawe na kukua vikienda upande wa pili. Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao upepo umevuma, na urefu wa maji ambayo upepo umepita juu yake. Mwera ukianzia mbali kusini unasukuma maji mamia ya kilomita bila kuzuiwa. Na mwisho wa safari hiyo ni wapi? Ni Matema, Itungi na Kiwira. Sisi wa kaskazini ndio tunaopokea mzigo wote.

Ndiyo sababu unaweza kufika Matema ukakuta majani ya migomba hayatikisiki, lakini mawimbi yanapiga ufuko. Upepo unavuma mbali, mawimbi yametangulia.

Wimbi likiwa kwenye kina kirefu hupita chini ya mtumbwi na kuuinua tu. Hatari iko karibu na nchi kavu. Maji yakipungua kina, sehemu ya chini ya wimbi inakwama kwenye mchanga na ya juu inaendelea. Wimbi linasimama, linajikunja, linaanguka. Mtumbwi ukikaa ubavu hapo, unapinduka. Wengi wa mitumbwi hii ni ya gogo moja, myembamba, na ikijazwa magunia au vyungu vya Ikombe inazama mpaka karibu na ukingo.

Tena maji yaliyorushwa ufukoni lazima yarudi. Mahali pengine yanarudi kwa pamoja, kama mto mdogo unaokwenda ziwani. Yakikushika, usishindane nayo. Ogelea kufuata ufuko, kulia au kushoto, mpaka uyatoke, ndipo uelekee nchi kavu.

Mwera hauchagui chombo. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya abiria Vipya, meli mpya ya chuma, ilizama katika dhoruba upande wa magharibi wa ziwa, nchi ya Malawi ya sasa. Walikufa watu wapatao 145. Angalia mwezi.

Kuanzia mwezi wa tisa mwera hulegea. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto ni kali na mara nyingi ziwa hutulia. Mvua zikianza, hatari hubadilika sura. Dhoruba ya mvua huja ghafla, kwa nusu saa tu pengine, na wingu lake huonekana kwanza. Machi na Aprili Kyela hunyesha sana, mito hujaa, na maji ya ufukoni huwa ya tope.

Hata katika siku moja upepo hubadilika. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi upepo mwepesi huteremka kutoka milimani kwenda ziwani. Mchana hugeuka. Wavuvi wa usipa hutumia upepo huo: huingia usiku wa giza na taa zao, maana mbalamwezi huwaharibia, na asubuhi hurudi. Usiku wa giza katika mwezi mmoja ni wachache. Mwera ukila nusu yake, usipa utafika Mlowo kutoka wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa, na redio huitangaza. Isikilize kabla ya kupanda basi. Ukifika, mwulize mwenye mtumbwi kama ataingia, halafu nyamaza umsikilize. Tatizo ni sisi wageni wa milimani: tuna haraka, tumelipa nauli, tunamwongezea fedha ili akubali. Akisema kesho, lala Matema.